Amina ya Saa Kumi na Moja

Kila mwezi wa saba ukielekea kwisha nawaona hapa sokoni Matiliku, mikoba mgongoni, viatu vipya vya kupandia milima vimening'inizwa nje ili kila mtu avione. Mnauliza gari la kushuka hadi barabara kuu. Sina haja ya kuwauliza mnakokwenda. Shule zinafungwa, kambi zinafunguliwa, na nyinyi mnakwenda kushika kamba, kuwapandisha watoto wa watu kwenye majabali, kuwavusha mto na kuwaimbia kando ya moto. Ni kazi nzuri. Niliifanya miaka ishirini na miwili, kila Aprili, Agosti na Desemba, na magoti yangekubali ningekuwa huko hata leo.

Lakini kabla hamjapanda gari, nipeni dakika chache. Nimekasirika. Nimekasirika kwa muda mrefu sasa, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe, kwa hiyo msiogope, sitawapigia kelele nyinyi.

Kambi yetu ilikuwa upande wa Kiboko, mahali mto unapopita chini ya migunga na jabali jeusi limesimama peke yake kana kwamba limesahauliwa pale. Jina la kambi sitalitaja. Wenyewe wakisoma watajijua.

Aliyenifundisha kamba ni marehemu Mzee Ndunda. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele, basi akikutukana maneno yalitoka na upepo. Siku yangu ya kwanza nilikanyaga kamba iliyokuwa imelala chini. Alinivua kofia ngumu kichwani akaniambia nikae kando hadi jioni. Nilidhani ananionea. Kumbe ukikanyaga kamba, mchanga unaingia kati ya nyuzi, na kila mtoto anayening'inia anausugua mle ndani, unakata polepole huku nje kamba inaonekana nzima kabisa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi niliipitisha kamba yote mkononi nikiwa nimefumba macho, vidole vikitafuta mahali palipolegea au kukakamaa. Mkiambiwa kamba ni mpya, ipitisheni mkononi vilevile. Iosheni kwa maji matupu bila sabuni ya unga, na muikaushe kivulini.

Na hesabuni watoto. Hesabuni kabla ya kutoka, kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Mara moja nilitoka na watoto thelathini nikarudi na thelathini na mmoja, nikazunguka uwanja mzima nikihesabu upya huku moyo unanidunda. Yule wa ziada alikuwa wa kijijini. Alikuwa amesikia kuna chapati.

Zamani za Mzee Ndunda tulilipwa kila jioni. Kibarua ni kibarua. Kazi ikiisha unapanga foleni, unapewa chako, unaondoka, na ukiombwa kubaki ili kulinda moto unaambiwa kabisa utaongezwa kiasi gani. Hakuna aliyetuita majina matamu. Tulinung'unika, tuliona tunapunjwa, lakini kila mtu alijua siku yake ilianza saa ngapi na kuisha saa ngapi.

Kisha kambi ikachukuliwa na watu wa nia njema. Naomba mniamini nikisema sijawahi kukamuliwa na mtu mbaya jinsi nilivyokamuliwa na nia njema.

Meneja mpya aliitwa Kyalo. Alikuwa kijana mpole, sauti ya kuhubiri, na alikumbuka majina ya watoto wetu wote. Siku ya kwanza alituketisha kwenye nyasi akasema, "Hapa hakuna bosi na hakuna mfanyakazi. Hapa ni ndugu na dada. Sisi ni familia moja." Tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo.

Baada ya wiki mbili tukaona familia hiyo inafanana na nini. Mshahara haukuitwa tena mshahara. Uliitwa shukrani, ukaja kwa bahasha siku ya mwisho ya kambi. Sasa niambieni, nani ana uso wa kubishana juu ya shukrani? Mtu akikupa asante, utamwambia asante yako ni ndogo? Kule kwetu, hasa sisi tuliolelewa kanisani, afadhali ulale njaa.

Lakini bahasha si kitu. Jambo linaloniamsha na hasira hadi leo ni ile amina.

Kila siku, saa kumi na moja jioni, Kyalo alipiga kengele. Wafanyakazi wote tulikusanyika kando ya stoo ya kamba, tukavua kofia, tukafunga siku kwa maombi. Mwenye kuomba nilikuwa mimi. Nilikuwa mwalimu mkuu wa kamba na tena mzee wa kanisa, na niseme ukweli, naweza kuomba. Nilianzia kwa mbingu, nikashuka kwa mvua, nikapitia wagonjwa, nikawataja wageni wetu na wazazi wao, nikatua kwa amina. Halafu nilifungua kitabu cha zamu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Kazi imefungwa kwa maombi, saa kumi na moja kamili." Nikatia sahihi. Sikuwahi kuchelewa hata dakika tano. Nilijivunia jambo hilo, wallahi nilijivunia kama vile nimejenga daraja.

Na baada ya amina? Kulikuwa na karatasi nyingine imebandikwa mlangoni mwa jikoni, ikiitwa ratiba ya huduma. Fulani ataosha sufuria. Fulani atawasha moto na kuukalia mpaka uzime. Fulani atawapeleka watoto kutazama nyota. Fulani atakunja kamba na kuzipanga kwa ajili ya kesho. Tulitoka kwenye maombi tukaingia kwenye huduma, na wengi tulilala saa nne. Lakini kitabu kilisema tumefunga saa kumi na moja, tena kwa baraka za Mungu. Ovataimu itoke wapi? Utamdai Mungu?

Mwikali alikuja Agosti ya mwaka mmoja kutoka Mwingi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mrefu, mcheshi, na mikono yake niliipenda siku ya kwanza nilipoiona ikifunga fundo. Kuna watu wanaofunga fundo kwa kukumbuka na kuna wanaofunga kwa kuelewa. Yeye alielewa. Alipanda lile jabali bila kutazama chini, akamshusha mtoto anayelia huku anamwimbia, na akifika chini mtoto anaomba kurudi juu. Aliniambia anataka kusomea cheti cha uongozaji milima, aende hadi Mlima Kenya. Nilimwambia atafika. Nilikuwa namwamini kabisa.

Ilikuwa siku yake ya kumi na nane mfululizo. Sikilizeni vizuri: siku kumi na nane, hajapumzika hata moja. Siku hiyo alisimama juu ya jukwaa la kuwashushia watoto kwa kamba tangu saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja nikaomba. Nakumbuka niliomba Mungu azilinde safari zote za watoto wale. Kisha nikamwona anaketi juu ya jiwe, anajikanda mabega.

"Mwalimu," akaniambia, maana huko wote waliniita hivyo, "leo mimi nimechoka kabisa. Hizo kamba si tutoe kesho asubuhi?"

Nikamwambia, "Mwaitu, ratiba imesema leo. Basi la wageni linaondoka mapema, asubuhi hatutapata nafasi. Maliza tu, utalala."

Mwaitu kwetu ni mama, na ndivyo unavyomwita hata binti unayemheshimu. Nilimwita kwa heshima kabisa, nikamtuma.

Saa mbili kasoro alikuwa kwenye ngazi ya jukwaa, mizingo miwili ya kamba begani, tochi mdomoni kwa sababu ile ya kichwani ilikuwa imepewa mgeni. Mguu ukakosa kipago. Si urefu mkubwa, kama paa la nyumba ya kawaida. Aliangukia mkono wa kulia. Niliposikia kishindo nilikuwa kando ya moto nikiwaimbisha watoto, na wimbo wenyewe haukukatika, watoto waliendelea kuimba.

Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili. Hospitalini muuguzi aliuliza swali rahisi sana, kwamba mwajiri wake ni nani. Kyalo alikuwa amekuja nasi. Alikuwa na huzuni, sisemi uongo, machozi yalimlengalenga. Akajibu, "Huyu ni dada yetu. Hakuwa kazini. Kazi ilikuwa imeshafungwa."

Nilimtazama. Naye alinitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesema kwamba kesho ni Jumatano. Aliamini. Na kwa nini asiamini? Nilikuwa nimemwandikia na kumtilia sahihi.

Gharama zikabaki kwa Mwikali. Mama yake akauza mbuzi pale Mwingi. Daktari akasema mkono unahitaji kufunguliwa na kuwekwa chuma haraka, la sivyo utashikana vibaya, na kambi ikachanga shukrani ambayo haikutosha hata picha za eksirei.

Siku tano zilibaki kabla ya kambi kufungwa. Siku iliyofuata ajali kengele ikalia saa kumi na moja. Tukakusanyika. Kyalo akanifanyia ishara. Nikasema, "Bado."

"Bado nini, Mwalimu?"

"Kazi bado. Nitaomba ikiisha."

Akacheka kidogo, akadhani nimerukwa na akili kwa sababu ya ajali. Nikaenda kuosha sufuria na wenzangu. Tukakalia moto. Tukawalaza watoto. Saa tatu na nusu usiku nikaipiga kengele mwenyewe, wenzangu wakaja wakiburuta miguu, nikaomba kwa kifupi sana, nikaandika: "Kazi imefungwa kwa maombi, saa tatu na nusu usiku." Vijana walicheka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Buda, leo Mungu ameshinda akingoja!" Nikamwambia Mungu ni mvumilivu, anayenisumbua ni meneja.

Siku ya tatu Kyalo akaamua kuomba mwenyewe, saa kumi na moja kamili. Akafumba macho. Sisi tukabaki macho wazi tumemkodolea, na alipomaliza hakuna aliyeitikia. Jioni hiyo akaniita kando akaniambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba naleta roho ya mafarakano katika familia. Nikamwambia familia haina ratiba mlangoni.

Mwikali alipeleka malalamiko ofisi ya kazi ya serikali. Nilimsindikiza. Afisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye mtandio, mzaliwa wa upande wa Garissa, mtulivu, anayeandika kwa kalamu mbili, ya bluu na ya nyekundu. Kyalo alikuja na kitabu cha zamu. Akakiweka mezani, akafungua ukurasa wa siku ile, akaugeuza ili mama asome. Mwandiko wangu ulimeremeta pale.

Mama akasoma. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ndio uliandika hii?"

"Ni mimi."

"Na ni kweli mliomba saa kumi na moja?"

"Ni kweli."

"Sasa mkimaliza kuomba mlienda wapi?"

Kyalo akadakia kwamba baada ya hapo ni ushirika, watu hujitolea kwa mapenzi yao. Mama akamwacha amalize. Kisha akasema maneno ambayo ningependa myashike. "Bwana meneja, mimi pia huswali hapa ofisini. Nikimaliza huwa narudi kwa hii meza. Swala haijawahi kunifungia kazi hata siku moja."

Nikataka kucheka. Lakini hakuwa amemaliza, na swali lililofuata lilikuwa langu.

"Mwalimu, hii huduma ya jioni, mtu akikosa inakuwaje? Kuna mtu aliwahi kukatwa pesa?"

Kyalo alinitazama. Mwikali, mkono ukiwa kwenye kitambaa shingoni, alinitazama pia. Niliona mara moja kwamba kila kitu kimeegemea jibu hilo. Kama huduma ni hiari, Mwikali alianguka akiwa mgeni wa Mungu, na mkono ni wake mwenyewe. Kama kuna aliyeadhibiwa kwa kuikosa, basi ilikuwa kazi, na alianguka kazini.

Nilijua yuko aliyeadhibiwa. Aprili ya mwaka ule kijana mmoja, Mutuku, alilala badala ya kukalia moto. Bahasha yake ilipunguzwa. Meneja hakuwepo usiku ule, hakuona lolote. Aliyepeleka jina la Mutuku ofisini ni mimi. Mutuku alikuja kuniuliza mbona bahasha nyepesi, nikamwambia hata mimi sijui, labda aombe.

Mimi ni mzee wa kanisa. Pale ofisini walikuwepo watu wawili wa kanisa letu, ninaoshiriki nao Meza ya Bwana. Nikafikiria kusema sikumbuki. Nawaambia ukweli, nilifikiria.

Nikasema, "Aliwahi kukatwa kijana anaitwa Mutuku. Aliyemshtaki ni mimi. Na ratiba ya huduma nilikuwa naipanga mimi na meneja kila Jumapili. Huyu dada alitaka kupumzika siku ile. Nikamtuma."

Mama akachukua kalamu nyekundu.

Alitueleza mengi siku ile, na mimi si wakili, lakini nayabeba tangu hapo nikiyagawa bure. Jina unaloitwa halina maana yoyote, iwe dada, mshirika au mtu wa kujitolea. Ukipangiwa cha kufanya na saa ya kukifanya, na ukikosa unaadhibiwa, wewe ni mfanyakazi. Katika kila siku saba, moja ni yako ya kupumzika. Saa za ziada siku ya kawaida zinalipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Kibarua anayeendelea bila kukatizwa hadi mwezi mzima si kibarua tena. Ukiwa huna mkataba wa maandishi, mwajiri ndiye wa kuthibitisha mlikubaliana nini, si wewe. Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyohiyo na uone ikiandikwa. Na ofisi ile haikutozi hata shilingi kwa kukusikiliza. Miaka yote ile nilikuwa naweza kuingia pale kwa miguu yangu nikauliza. Nilikuwa napita nje ya mlango wake nikienda kununua mbegu!

Kwa hiyo nunueni daftari la mazoezi, lile la bei rahisi. Andikeni saa mliyoanza na saa mliyoacha kweli, mkono ulipoacha kamba, kila siku, na aliyewatuma ni nani. Msimwachie mtu mwingine awaandikie, hasa akiwa na mwandiko mzuri.

Kambi ilimlipa Mwikali hospitali, fidia ya mkono na saa zake za ziada. Haikulipa kwa furaha, ila ililipa. Mimi Desemba sikuitwa, na ndivyo nilivyostaafu. Kanisani wengine walinisifu, wengine wakasema nimeaibisha watumishi. Mutuku nilimtafuta nikamweleza. Alinisikiliza akaniacha nimesimama.

Lakini malipo yalichelewa, na mkono haukungoja. Walipokuja kuweka chuma, mfupa ulikuwa umeshashikana upande. Anaweza kubeba kikombe. Anaweza kuandika kidogo. Kamba hawezi kuishika, vidole viwili havifungi. Ana duka dogo la nafaka Mwingi, anaendelea vizuri, na Mlima Kenya anauona kwa picha.

Siku barua ya malipo ilipotoka tulisimama nje ya ofisi, kwenye jua kali. Nilitaka kusema kitu kizuri, nikakosa. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, siku zile zote ukifunga macho kuomba. Ulikuwa unajua bado tuko na kazi?"

Ningeweza kumwambia nilidanganywa. Ningeweza kumlaumu Kyalo, na nisingekuwa mwongo kabisa. Lakini nilikuwa nimepanga ile ratiba kwa mkono wangu, jina lake likiwa la tatu kutoka juu.

"Nilijua," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Hakunitukana, hakunisamehe. Aliuhamisha mfuko wake kutoka mkono mbovu hadi mkono mzima.

"Basi waambie wanaokuja," akasema. "Na uanze na hiyo, kwamba ulijua."